Kaka, kabla hujaleta wageni wako Iringa

Kaka yangu, shikamoo.

Ujumbe wako niliupata, nikausoma na kuurudia. Unasema mwezi wa nane unakuja tena na wageni wa kazini kwako, kwamba safari hii mtakaa mjini kwanza kabla ya kwenda mbugani, na kwamba wifi ndiye aliyekushauri uniulize mahali pa kuwapeleka, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Mwambie wifi nimeshukuru. Nimeamua kukujibu hadharani, na jina lako silitaji, kwa sababu wanaoipita Iringa kama mlivyoipita ninyi mwaka jana ni wengi: wanafika jioni, wanakula hotelini, wanalala, alfajiri wanaondoka kuwahi mbuga ya Ruaha, na wakirudi kwao wanasema Iringa hakuna kitu. Kama yupo msomaji mwingine anayejiandaa kuja, achukue yatakayomfaa na aniwie radhi kwa yale yaliyo yetu wawili.

Usisubiri mfike ndipo uanze kuwaonyesha. Mkishapita Mikumi na kufika Ruaha Mbuyuni, mtaikuta mibuyu imesimama pande zote za barabara na vitunguu vimepangwa kando kwa kuuzwa, na joto la bondeni bado litakuwa nanyi. Baada ya hapo ndipo mtaanza kupanda Kitonga, ambako barabara hujikunja kwa kona kali juu ya korongo na malori hujivuta taratibu, na mkifika juu hewa inakuwa ya kwetu. Mwaka jana mlipita hapo mmelala wote. Waamshe. Waambie pia kwamba njia hiyohiyo, kabla ya kufika mjini, inapita eneo la Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakamuua yeye pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Mnakuja mwezi uleule, na mgeni akielezwa hilo akiwa njiani hatauliza tena kwa nini jina la Mkwawa limeandikwa kila mahali mjini kwetu.

Mkija kwa basi, mtashukia stendi ya Igumbilo, chini kwenye barabara kuu, na mji wenyewe uko juu mlimani. Daladala zipo na bajaji zipo; ya bajaji mpatane nauli kabla ya kupanda. Waambie wageni wafungashe masweta, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huwa haijaisha Agosti, hasa asubuhi na usiku, na wewe mwenyewe unakumbuka yule bwana aliyekuja na kaptula tupu akashinda amejifunika blanketi la hoteli.

Mjini watembee kwa miguu. Nalisisitiza hili kwa sababu kosa kubwa la mwaka jana lilikuwa lile gari. Katikati ya mji hapahitaji gari: kutoka Miyomboni hadi Soko Kuu ni mwendo mfupi, na Boma, lile jengo la enzi za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa, halipo mbali. Waingize Boma kwanza, wakae humo bila kuharakishwa, ili watakapotoka wajue wanaotembea katikati yao ni watu gani na wametoka wapi. Kisha wapeleke Neema, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 ambamo mafundi wenye ulemavu hufuma, hushona na kutengeneza vitu ambavyo hutavipata Kariakoo. Mgahawani kwao wahudumu wengi ni viziwi; unaandika unachotaka kwenye karatasi au unajifunza ishara, na mgeni asiyejua hata neno moja la Kiswahili hapo anakuwa sawa na mwenyeji. Waache wageni wako wafanye hivyo wenyewe. Usiwasemee.

Sokoni nenda asubuhi. Wageni waone viazi, nyanya, maharage ya kila rangi, na wakiona kitu wasichokijua waulize. Lakini kabla ya kuuliza bei wasalimie. Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya wasafiri hulitaja kwa mstari mmoja na ambalo hapa kwetu ndilo mlango wenyewe. Ukimfikia mtu umri wa mama ukamwambia kamwene, salamu ya Kihehe, ukangoja akujibu, ukamuuliza habari za nyumbani, utauziwa kwa bei ya haki, utaelezwa namna ya kupika unachonunua, na pengine utaongezewa. Ukianza na bei, umekuwa mpita njia. Na picha iombwe; wengi watakubali wakiombwa, na anayekataa asibembelezwe.

Kuhusu ulanzi, ile pombe ya mianzi, wageni wako watauliza, kwa sababu kila anayesoma habari za Iringa hukutana na jina hilo. Waambie ukweli kwamba ulanzi ni wa wakati wa mvua, mianzi inapochipua na kugemwa, na kwamba mtogwa, ule mtamu wa siku hiyohiyo, hausubiri Agosti. Asije mtu akawauzia kitu kingine kwa jina hilo.

Sasa nije kwenye vikapu. Vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu inayovunwa kwenye maeneo ya majimaji vijijini kwetu, na kazi hiyo ni ya akina mama. Kikapu kipya kina ukijani na harufu ya majani. Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyobadilika kuwa cha hudhurungi, na kilichosukwa vizuri kinabeba mahindi miaka mingi bila kuachia. Mgeni achague kilichokazwa hadi chini na mpini wake uvutwe kuona kama umeshika. Bei apatane kwa heshima, kwa kujua kwamba kikapu kimoja ni kazi ya siku kadhaa ukianzia kwenye kuvuna milulu na kuianika.

Haya yote uliyajua kabla yangu, kaka. Ndiyo maana sielewi ulichokifanya mwaka jana pale kando ya soko. Mama yule muuza vikapu alikutambua ukiwa bado hatua kadhaa mbali. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akakusalimu kwa Kihehe kama alivyokuwa akikusalimu tangu hujaanza shule. Nawe ulimtazama, ukageuka kwa wageni, ukawaambia kwa Kiingereza kwamba hawa wauzaji huwarukia wageni, na kwamba bei yoyote atakayoitaja waigawe kwa mbili. Ukainua kikapu, ukataja bei yako chini hata ya hiyo nusu, ukacheka, na wageni wakacheka kwa kuwa wewe ulicheka. Yeye hakusema neno. Alikipokea kikapu ulipokirudisha, akakipanga mahali pake, akaketi. Kisha ukawaambia wageni twende, Iringa hakuna kitu, vitu viko Ruaha.

Huyo ndiye aliyeuza vikapu vyake vyote vya msimu ule kwa bei ya jumla, akampa marehemu mama fedha iliyopungua ya tranka na godoro, ulipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni na kwetu hakukuwa na kitu. Mama alimlipa kidogo kidogo, na siku ya msiba wa mama yeye ndiye aliyekaa jikoni tangu siku ya kwanza mpaka tanga lilipoanuliwa. Huwezi kuniambia hukumtambua. Nilikuwa nimesimama pembeni yako, nikaona macho yako yalipokutana na yake.

Najua linalosemwa kwenye familia, kwamba niliwaharibia safari, kwamba kushuka garini pale Miyomboni na kuwaacha na wageni ilikuwa kukudhalilisha kaka yangu mkubwa mbele ya watu wa kazi yako. Shangazi ameniita na kunisema. Wengine wamefika mbali zaidi, wakasema nina wivu kwa kuwa wewe ulikwenda Dar na mimi nikabaki. Nafasi ya kwenda niliipata nami, na walioniita wapo hai. Nilibaki kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na mmoja wetu alipaswa kubaki, na sijawahi kukudai kwa hilo. Nilishuka kwa sababu nilitaka kurudi sokoni kabla yule mama hajafunga mzigo wake. Nilimkuta. Nilinunua kile kikapu kwa bei aliyoitaja mwanzo, akanikatalia kwanza, akaniuliza kama wewe unaumwa. Hilo ndilo alilouliza. Nilimjibu kwamba umechoka na safari, nikakutetea mbele yake, jambo ambalo wewe hukuwahi kulisikia kutoka kwa mtu mpaka leo unapolisoma hapa.

Niendelee na wageni.

Jioni wapandishe Gangilonga. Wazee wanasimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda kwenye jiwe lile kutafakari, na hata asiyejali historia hawezi kulikataa, kwa sababu ukiwa juu unaona mji wote, mabati ya Kihesa upande mmoja na bonde la Ruaha Mdogo upande mwingine, na moshi wa jikoni ukianza kupanda. Nendeni kwa kundi, msibebe vitu vya thamani visivyohitajika, na mshuke kabla giza halijaingia. Wewe ndiye uliyenipandisha huko mara ya kwanza, nikiwa siwezi kufika peke yangu, ukanishika mkono kwenye ule mwinuko wa mwisho na kunionyesha paa la nyumba yetu. Kila mgeni ninayempandisha huko namwonyesha mambo kwa mpangilio ulionionyesha wewe: kwanza mto, kisha barabara kuu, kisha soko, ndipo nyumba za watu. Sijapata mpangilio ulio bora kuliko huo.

Isimila tengeni asubuhi nzima. Iko kama kilometa 20 kwa barabara ya Mbeya, na ukishuka barabara kuu kuna kipande cha kutembea au kupanda bodaboda. Zana za mawe zilizolala pale ni za watu walioishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Ziko chini, unaziona, unaonyeshwa ni ipi ilikuwa ya kukatia na ipi ya kuchunia ngozi. Kisha mnashuka korongoni kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kupita nyumba. Mwende mapema kwa sababu jua la saa sita humo korongoni halina kivuli cha kutosha, na mbebe maji.

Kalenga usiipite tena. Siku ya kwenda Ruaha mnapita hapohapo, kilometa kama 15 kutoka mjini, na mwaka jana dereva aliuliza kama asimame ukamwambia aendelee, mnachelewa wanyama. Kaka, kutoka mjini hadi Msembe, ndani ya mbuga, ni kama kilometa 130, na saa moja ya Kalenga haiwezi kuwanyima tembo. Pale ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na baada ya hapo aliendelea kupigana porini karibu miaka minne, mpaka alipojiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe akiwa hai. Wajerumani walikichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwataka walirudishe fuvu hilo, na bado halikurudi mpaka mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu baada ya Uhuru. Fuvu lipo Kalenga, kwenye makumbusho madogo, na wageni wako watalitazama wakiwa wamesimama karibu nalo. Mwachie mwongozaji wa pale asimulie yeye, polepole, na wewe utafsiri kila neno. Wakitaka zaidi, Mlambalasi, alikofia na kuzikwa mwili wake, ni upande huohuo wa njia ya Ruaha, ila huko mpange siku nyingine, kwa kuwa pahitaji muda na utulivu.

Makaburi ya vita vya 1914 hadi 1918 yaliyopo mjini yanafaa kama yupo kati yao anayependa mambo hayo. Asiyependa msimlazimishe.

Chakula msitafute cha hotelini kila siku. Wapeleke mahali wanapokula watu wa sokoni, ugali, maharage na mboga za majani zilizochumwa asubuhi, na chai ya maziwa asubuhi yenye baridi. Hapo nina hakika watakula.

Umeniomba pia niwaongoze mwenyewe. Nitakwambia ninachotaka. Uje siku moja kabla ya wageni, peke yako, au na wifi akipenda, kwa maana yeye hana kosa na yule mama anamuulizia. Twende sokoni asubuhi, umsalimie kwa Kihehe mbele ya majirani zake walewale waliokuwapo, ukae naye muda anaotaka yeye. Sitaki hotuba wala bahasha. Ukikubali, nitawapokea wageni Igumbilo mimi mwenyewe na kutembea nao mpaka siku ya kuondoka. Ukikataa, maelezo yote niliyoandika hapa yanatosha kuwazungusha mjini bila mimi, yachapishe uwagawie.