Talanta elfu kumi: barua kwa mwanangu anayejiandaa kuhubiri

Mwanangu,

Umeuliza andiko la miaka karibu elfu mbili linahubiriwaje kwa watu ambao simu zao huita katikati ya sala. Nitakujibu kwa fungu ulilopangiwa, Mathayo 18:21-35: Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, na Yesu anajibu kwa mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa na mfalme, kisha akamkaba mtumwa mwenzake kwa deni la dinari 100.

Anza na neno talanta. Msharika wa leo akilisikia anawaza kipaji, pengine cha kuimba. Wale wa kwanza walisikia uzito wa fedha, kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (tazama Mathayo 20:2). Sasa piga hesabu. Anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka atapata talanta moja baada ya miaka 20, tena asile chochote. Mtumwa yule alidaiwa talanta 10,000, yaani miaka 200,000 ya kibarua. Halafu anapiga magoti na kuahidi kulipa yote! Hapo watu wanatakiwa wacheke kidogo. Waache wacheke.

Usiigeuze kuwa pesa ya leo. Ukitaja kiasi, nusu ya kanisa itaanza kubishana nacho kimoyomoyo. Siku za kazi kila mtu anazijua kwa mgongo wake.

Zile dinari 100 ndipo wahubiri wengi wanapoteleza. Husema "kadeni kadogo tu" na kupita. Si kadogo: ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Mbele yako atakuwa ameketi mtu aliyedhulumiwa kweli, na ukimwambia alichotendewa si kitu, hatakusikiliza tena, na atakuwa na haki. Mfano haulipunguzi deni lake. Unaliweka kando ya lile jingine, basi.

Jumatatu soma sura nzima kwa sauti, tangu mstari wa 1, mara tatu au nne. Mgawanyo wa sura tulionao ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa mwaka 1551, kwa hiyo usizifanye ukuta. Ukianzia mstari wa 21 utakosa wa 15, unaoagiza aliyekosewa aende akamwonye mkosaji. Swali la Petro linafuata hapo. Msamaha unaomfunga mdomo aliyeumizwa haumo katika sura hii.

Ufikapo Jumatano, andika sentensi moja, isiyozidi maneno 15, inayosema fungu linataka nini kwa msikilizaji. Ikikataa kuandikika, hujalielewa bado. Rudi kwenye kusoma, usikimbilie kutafuta visa vya kuchekesha. Katika dakika 25, historia na hesabu zisile zaidi ya tano. Kigiriki kiache mezani kwako.

Utaratibu huo huo utakuokoa na Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", ambayo najua utaombwa. "Ninyi" ya pale ni wahamishwa wa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia wangoje miaka 70 kabla ya kurudi kwao. Katika sura ya 28 Hanania, nabii wa uongo, ndiye aliyeahidi miaka miwili. Anayeutumia mstari ule kuahidi kazi mpya kabla ya Krismasi anahubiri Hanania, si Yeremia.

Nitumie sentensi yako Jumatano usiku, hata kama ina maneno 30. Tutaipunguza pamoja.

Baba yako