Watoto wanakariri zambarau bila kujua inasema nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kipimo cha protini, kile ambacho karibu kila mwanafunzi wa baiolojia wa sekondari hukutana nacho kwenye vitendo. Mimi ni fundi sanifu maabara katika shule moja ya kutwa hapa Morogoro. Ninaandaa vitendanishi, ninapanga meza kabla ya kipindi, na ninaosha neli watoto wakishaondoka. Nikiwa pale pembeni nawasikia wanavyoelekezana, na kila mwaka maneno ni yaleyale: "Ikigeuka zambarau andika protini ipo, ikibaki bluu andika haipo." Wanafaulu kwa sentensi hiyo, kisha wanatoka shuleni bila kujua kilichotokea ndani ya neli. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kipimo chenyewe ni rahisi na maelezo yake hayamshindi mtoto wa kidato cha pili.

Kinafanywa hivi. Unakoroga ute wa yai kwenye maji, unaweka kidogo kwenye neli, unaongeza sodiamu haidroksaidi, halafu unadondosha salfeti ya shaba ya asilimia 1 tone kwa tone huku ukitikisa. Hakuna kupasha moto. Matone machache yanatosha, maana salfeti ikizidi, bluu yake inaifunika zambarau, na mwanafunzi mwenye protini halisi mkononi anaandika kwamba haipo. Wanaomwaga salfeti kwa bomba la sindano kana kwamba wanajaza chupa ni wengi, na hawakuambiwa kwa nini wahesabu matone.

Katika myeyusho wenye alkali, shaba hujishika kwenye viungo vya peptidi, yaani pale amino asidi moja ilipoungana na nyingine. Protini ni amino asidi nyingi zilizotungwa kwa mfuatano, kama shanga kwenye uzi, na shaba inaushika uzi. Amino asidi iliyo peke yake haitoi zambarau. Zikiungana mbili, bado. Zinahitajika angalau tatu, zenye viungo viwili kati yao, ndipo zambarau ianze kujitokeza, na mnyororo ukiwa mfupi rangi huelekea kwenye waridi. Mtoto akielewa hilo, kila neli anayoishika inaanza kumpa habari.

Naomba walimu wajaribu jambo moja ambalo huku kwetu halihitaji kuagiza chochote kutoka mbali. Urea iko kwenye kila duka la pembejeo. Chukua punje chache, weka kwenye neli kavu, pasha kwa moto mdogo. Zikifika nyuzi 133 za Selsiasi zinayeyuka. Endelea polepole, madirisha yakiwa wazi, kwa sababu zitatoa mapovu na harufu kali ya amonia, kisha kimiminika kitaanza kuwa kizito chenye ukungu. Kiache kipoe, ongeza maji ya vuguvugu, weka sodiamu haidroksaidi, dondosha salfeti ya shaba. Utaona zambarau inayoelekea waridi, na humo ndani hakuna protini hata chembe. Molekuli mbili za urea zimeungana, amonia imetoka, imebaki kemikali iitwayo bayureti, ambayo ndiyo iliyokipa kipimo jina lake na ambayo shaba huishika kama inavyoishika protini. Pembeni weka neli nyingine yenye urea ambayo haikupashwa moto. Hiyo haitoi zambarau.

Niliwahi kuomba ruhusa kwa mwalimu wa kemia nikawaonyesha kidato cha tatu neli hizo mbili. Msichana mmoja akauliza: kama mbolea inatoa rangi ya protini, basi mbolea nayo ni chakula? Wenzake walicheka, lakini swali lake ni zito. Mfuko wa chakula cha kuku huandikwa asilimia ya protini ghafi, na namba hiyo kwa kawaida hupatikana kwa kupima naitrojeni kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883, kisha kuzidisha kwa 6.25. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Zidisha uone: kwa hesabu hiyo urea ina "protini" asilimia 287. Kule China, mwaka 2008, iligundulika kwamba watu walitia melamini kwenye maziwa yaliyoongezwa maji. Melamini ni naitrojeni kwa thuluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo maziwa yalionekana yana protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na sita walikufa. Kipimo cha naitrojeni kilijibu kwa usahihi swali kililoulizwa; waliokitumia walidhani wameuliza swali jingine. Melamini haina viungo vya peptidi, na shaba isingeihesabu kama protini.

Kuna zambarau ya pili, na hii inawachanganya hata waliokwisha kufika chuo. Mwaka 1910 Siegfried Ruhemann, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aligundua kemikali iitwayo ninhidrini, ambayo ikipashwa moto pamoja na amino asidi hutoa zambarau iliyokolea sana. Yenyewe hutafuta kundi la amino, yaani ile sehemu ya amino asidi yenye naitrojeni, likiwa huru, kwa hiyo inazigundua hata amino asidi moja moja ambazo shaba huzipita. Ile chengachenga nyeupe ya dukani ya kuongeza ladha kwenye mchuzi, monosodiamu glutameti, ni chumvi ya amino asidi: kwa bayureti haitoi zambarau, kwa ninhidrini ni zambarau. Prolini, amino asidi ambayo kundi lake la amino limefungwa kwenye duara, huja na rangi ya njano. Jasho la vidole lina amino asidi kidogo, ndiyo maana tangu mwaka 1954, wanasayansi wa Sweden walipolipendekeza jambo hilo, ninhidrini hutumika kuibua alama za vidole kwenye karatasi. Najua ni ghali, na shule nyingi hazina. Lakini hata kwa maelezo ubaoni, mwanafunzi anapaswa kujua kwamba zambarau mbili zinaweza kufanana machoni na zikawa zinasema mambo tofauti.

Sasa nifike kwenye ile ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inagusa sahani zetu.

Mwaka 1874 Albert Adamkiewicz alieleza kwamba protini ikichanganywa na asidi asetiki isiyo na maji, kisha asidi salfuriki, hutoa rangi ya zambarau. Tatizo ni kwamba asidi ya chupa moja ilitoa rangi, ya chupa nyingine ikagoma. Frederick Gowland Hopkins na Sydney Cole, Cambridge hukohuko, hawakuiacha hitilafu hiyo ipite. Walifuatilia mpaka wakaona kwamba rangi ilitegemea uchafu kidogo uliokuwa ndani ya asidi asetiki, yaani asidi glaioksiliki. Wakaanza kuitumia hiyo yenyewe. Ukimimina asidi salfuriki taratibu pembeni mwa neli iliyoinamishwa, inatuama chini, na pale inapokutana na mchanganyiko wa juu inatokea pete ya zambarau. Mwaka 1901 waliitenga amino asidi inayoileta pete hiyo: triptofani. Kazi yote ilianzia kwenye chupa iliyokataa kutoa rangi. Watoto wetu neli ikikataa wanaimwaga na kunakili jibu la jirani.

Kisha Hopkins na Edith Willcock wakachukua zeini, protini kuu ya punje ya mahindi. Zeini ukiipima kwa bayureti ni zambarau, hakuna ubishi kwamba ni protini. Ukiipima kwa glaioksiliki, pete haitokei, kwa kuwa haina triptofani. Mwaka 1906 waliandika matokeo ya kuwalisha panya wadogo chakula ambacho protini yake ilikuwa zeini peke yake: walidhoofika na kufa. Walioongezewa triptofani waliishi muda mrefu zaidi, ingawa nao hawakukua, maana zeini imepungukiwa na amino asidi nyingine pia, lisini ikiwa mojawapo.

Nikiwa mtu wa nchi inayoishi kwa ugali, siwezi kulisoma hilo nikalipita. Mwanafunzi anayepima unga wa mahindi akapata zambarau hafifu na kuandika "protini ipo" hajakosea, ila hajaambiwa kwamba kipimo chake hakijui lolote kuhusu aina ya amino asidi zilizomo. Mama anayeweka maharage au dagaa pembeni ya ugali analeta amino asidi ambazo mahindi yamepungukiwa, na sayansi ya jambo hilo ingeweza kufundishwa kwa neli mbili mbele ya darasa. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba aina fulani ya mahindi ina lisini na triptofani nyingi kuliko kawaida. Baadaye Surinder Vasal na Evangelina Villegas, wakiwa CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano huko Mexico, walitumia miaka mingi kuyageuza kuwa mahindi ambayo mkulima angekubali kuyapanda, na mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Tanzania nayo imetoa mbegu za mahindi lishe ya namna hiyo. Maabara zinazochagua mbegu hizo huweza kupima triptofani kwa asidi glaioksiliki na asidi salfuriki, kwa kusoma kiasi cha rangi. Yaani ile pete ya Cambridge bado iko kazini.

Kipimo cha njano nitakitaja kwa ufupi. Asidi naitriki kali ikipashwa moto na protini hutoa njano, na ukiongeza alkali inageuka chungwa. Inajibu pale penye duara la benzini, yaani duara la atomi sita za kaboni, hasa kwenye amino asidi za tirosini na triptofani. Ndiyo sababu tone la asidi hiyo likigusa ngozi huacha doa la njano lisilotoka kwa kuoshwa: ngozi yenyewe ni protini. Asidi hiyo ishikwe na mwalimu au fundi, mwenye miwani na glavu.

Kuhusu kitendanishi cha Millon nasema bila kuzunguka: kiondolewe shuleni. Ni zebaki iliyoyeyushwa kwenye asidi naitriki. Kinatoa rangi nyekundu penye tirosini, na vitabu vya zamani bado vinakitaja kama kipimo cha protini, hivyo kuna makabati yenye chupa zake hadi leo. Zebaki ni sumu ya neva na figo, na baada ya kipindi huishia kwenye sinki, kutoka hapo kwenye mtaro. Bayureti inafanya kazi ya darasani vizuri zaidi bila hatari hiyo. Shule yenye chupa ya namna hiyo isiimwage. Iifunge, iiandike sumu, na itoe taarifa kwa mamlaka zinazohusika na kemikali.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wataalamu. Hapana. Mgonjwa anapopimwa jumla ya protini kwenye damu, mashine nyingi za hospitali hutumia shaba ileile na alkali ileile, zikisoma zambarau kwa mwanga wa nanomita 540. Kwa mtu mzima mwenye afya majibu huwa kati ya gramu 60 na 80 kwa lita. Mama mjamzito akichovya kijiti kwenye mkojo, ile sehemu ya njano inayogeuka kijani hufuata njia tofauti kabisa: inaitikia zaidi albumini, na protini nyingine inaweza kuziacha zipite. Daktari anajua tofauti hiyo. Nani atakuwa daktari huyo kesho kama leo tunamfundisha kwamba rangi ni jibu la kukariri?

Ninachoomba kwa wanaotunga mitihani ya vitendo ni sampuli zenye kumfanya mtoto afikiri. Mpeni myeyusho wa amino asidi moja na myeyusho wa ute wa yai, mwambieni aeleze kwa nini kimoja kimebaki bluu. Mpeni alama kwa kuweka neli ya maji matupu ya kulinganishia. Ninachoomba kwa walimu wakuu ni bajeti ndogo ya vitendo tangu kidato cha kwanza, badala ya kusubiri wiki za mwisho kabla ya mtihani ndipo mfungue maabara. Mayai mawili, kikombe cha maharage yaliyosagwa, maziwa kidogo, punje za urea, salfeti ya shaba na sodiamu haidroksaidi vinatosha darasa zima kwa vipindi kadhaa. Na kwa mafundi wenzangu: neli ikikataa kutoa rangi iliyotarajiwa, msiwaruhusu watoto waimwage kabla hawajaandika wanadhani ni kwa nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi Sanifu Maabara,
Morogoro