Barua kwa sahibu yangu wa Malindi: kazi ya nyaya kule Stade de France

Mkomani, Lamu
2 Septemba 2024

Kwa sahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na watu wote wa nyumbani, na hasa mama, ambaye nimesikia ameanza kupata nafuu. Nifikishie kwake salamu na dua zangu. Sisi huku Amu hatujambo, alhamdulillahi.

Uliniuliza kwa simu ni kazi gani hasa niliyokwenda kuifanya Paris, kwa sababu huko Malindi umesikia kwamba nilikwenda Olimpiki kama mwandishi wa habari. La, sahibu yangu. Sikuandika habari hata moja wala sikumhoji mwanariadha yeyote. Nilikuwa fundi wa mtandao katika kikosi kilichowahudumia waandishi kwenye uwanja wa Stade de France, kule Saint-Denis, kaskazini mwa jiji, na kwa kuwa wewe ni mtu wa mitambo ya redio, nitakueleza mambo ambayo wengine hawaniulizi.

Waandishi huketi katika jukwaa lao, na mbele ya kila kiti cha kazi pana meza nyembamba, soketi ya umeme na tundu la waya wa mtandao. Wapiga picha wao wako chini, kando ya ile njia ya kukimbilia ambayo safari hii ilikuwa ya rangi ya zambarau, na wengi wao hupeleka picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera kupitia waya, hata mhariri aliye mji mwingine huziona kabla mshindi hajamaliza kujifunga bendera. Wengine husimama nyuma ya kizuizi katika kijia ambacho kila mwanariadha hupitishwa akitoka uwanjani, awe ameshinda au ameshindwa. Kote huko lazima mtandao ufike. Waya wa kawaida wa shaba haufai kuzidi mita 100, kwa hiyo masafa marefu tuliyabeba kwa nyuzi za fiba, zile za kioo zipitishazo mwanga, hadi kwenye makabati yenye swichi, yaani vifaa vya kuugawa mtandao kwa nyaya nyingi, na kutoka hapo ndipo shaba ikaenda mezani.

Kazi yenyewe ilianza mapema, viti vikiwa vitupu. Nilipita meza baada ya meza nikichomeka kipimio changu katika kila tundu na kungoja taa ya kijani. Unakijua kile kilimi cha plastiki kilicho kichwani mwa waya, ambacho hulia kikishika? Kikivunjika, waya hukaa tunduni kana kwamba ni mzima, na taa huwaka vizuri, mpaka mwandishi atakapoisogeza kompyuta yake kidogo katikati ya mbio na mawasiliano yakatike. Kwa hiyo sikuridhika na taa peke yake. Kila waya niliuvuta kidogo kwa vidole, na ule uliotoka niliukata na kuupigia kichwa kipya hapo hapo. Naona kazi hii ndogo inayochosha ndiyo iliyookoa habari nyingi zaidi kuliko mitambo yote mikubwa tuliyokuwa nayo.

Najua utauliza kwa nini tulihangaika na nyaya ilhali waifai ilikuwepo. Ilikuwepo, na iliwafaa wengi. Lakini mawimbi ya gigahazi 2.4, ambayo waifai nyingi huyatumia, yana chaneli tatu tu zisizogongana, na yamekuwa kama kichochoro cha Langoni: punda mmoja mwenye shehena akisimama, nyuma yake hapiti mtu. Watu maelfu kwa maelfu wameingia na simu zao, na baadhi ya waandishi, kwa kuhofia kukosa mtandao, huwasha simu zao zigawe intaneti, na kila simu ya namna hiyo huongeza kelele hewani na kuwaharibia majirani. Ilitubidi tuwaendee mmoja mmoja na kuwaomba kwa upole wazime, nasi tukiwaahidi waya unaofanya kazi. Ndiyo maana ilinipasa niwe na hakika na kila tundu, kwani ukimwomba mtu aache anachokiamini, huna budi kumpa kilicho bora.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Julai, watu wasiojulikana walikata nyuzi za fiba katika majimbo kadhaa ya Ufaransa. Kwetu hapakuharibika kitu, lakini siku ile hakuna fundi aliyekunywa chai akiwa ameketi. Mimi nilikumbuka tarehe 12 Mei mwaka huu, kebo za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini upande wa kusini, na sisi huku pwani tukakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Kinga ya jambo hilo ni moja, na kila fundi anaijua: mawasiliano yapite njia mbili zisizokutana popote, ili moja ikikatwa nyingine ibebe mzigo. Ni gharama kubwa, na kabla ya siku ya hitilafu wenye fedha huiona kuwa ya bure.

Sasa nikupe usiku wa tarehe 5 Agosti, ambao nadhani wewe uliufuatilia redioni. Fainali ya wanawake ya mita 5,000 ilianza baada ya saa tatu usiku ya huko, yaani baada ya saa nne kwetu. Beatrice Chebet alishinda kwa dakika 14:28.56, na Faith Kipyegon akamfuata wa pili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya safu ya waandishi kutoka nchi zetu, na mmoja wao, aandikaye kwa Kiswahili, alikuwa na kompyuta mpya isiyo na tundu la waya. Nilimpa adapta niliyokuwa nayo mfukoni. Alipeleka habari yake ya kwanza: dhahabu na fedha kwa Kenya. Haukupita muda mrefu, tangazo likaja kwamba Kipyegon ameondolewa katika matokeo kwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia waliposukumana mbioni. Kwa matokeo hayo Sifan Hassan wa Uholanzi akawa wa pili, na Nadia Battocletti wa Italia akapanda hadi wa tatu. Jukwaa zima likaanza kuandika upya kwa pamoja.

Na usisahau kwamba usiku ule ule Mary Moraa alipata shaba katika mita 800, naye Armand Duplantis wa Sweden alikuwa bado anaruka kwa upondo, akaivunja rekodi ya dunia kwa mita 6.25 huku uwanja mzima umesimama. Picha zote hizo zilitaka kutoka kwa wakati mmoja. Niliyatazama makabati yangu, nikaona mzigo umepanda kuliko siku yoyote iliyotangulia, na njia bado zinapitisha. Baadaye usiku, Kenya ikiwa imekata rufaa, uamuzi ukageuzwa na Kipyegon akarudishiwa nafasi yake ya pili. Ndugu yule akaandika mara ya tatu. Alipobonyeza na habari ikaondoka, aligeuka akanipa mkono bila kusema neno, kisha akarejea kwenye kazi yake.

Jambo hilo ndilo ninalotaka ulielewe katika barua hii. Shirika kubwa la habari lina watu wengi, lina nyaya zake na mafundi wake. Likikwama mahali pamoja, hupita pengine. Mwandishi wetu alikuwa peke yake, na lau ule waya mmoja ungekatika baada ya habari ya pili, wasomaji na wasikilizaji wake wangelala wakijua kwamba Kipyegon amenyang'anywa medali. Kwa hiyo naamini fundi hana haki ya kupima mezani pa mkubwa kwanza na kumwachia mdogo masalio ya muda. Nilishikilia hivyo mpaka tarehe 10 Agosti, Emmanuel Wanyonyi aliposhinda mita 800 kwa dakika 1:41.19, akimtangulia Marco Arop wa Canada kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde, na Kipyegon naye akatwaa dhahabu ya mita 1,500. Wale wa safu yetu walipeleka habari zote mbili bila kuniita hata mara moja.

Sasa nikuombe jambo. Kila mashua zinaposhindana hapa mbele ya Mkunguni, waandishi kutoka kwenu na kutoka Mombasa husimama ukingoni wote wakitegemea mnara mmoja wa simu, ambao umati nao unautumia kupeleka video, na matokeo hufika Malindi jioni, mengine yakiwa na jina la nahodha lililokosewa. Nimepima kwa hatua kutoka kwenye nyumba yenye intaneti hadi pale panapofaa kuwekwa meza ya waandishi, na waya wa shaba unatosha bila kuhitaji fiba. Nahitaji swichi moja ya kuazima kutoka kituo chenu, betri ya kushikilia umeme, na mtu wa kusimama nami. Tufanye jaribio kabla ya mashindano yajayo, tuwaite waandishi wachache waje kutuma picha na sauti kwa pamoja, tuone panapokwama.

Ukikubali, njoo mwisho wa wiki yoyote kabla ya pepo kubadilika. Uchukue boksi la vichwa vya waya huko Malindi, maana hapa hewa ya chumvi imevila nilivyokuwa navyo, na upande basi la alfajiri ili uwahi boti ya Mokowe mchana.

Wasalaam,
Nduguyo wa Mkomani