Watayarishaji, tuachieni nafasi juu ya wimbo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watayarishaji wa muziki, hasa vijana wa studio za nyumbani. Mimi ni fundi wa masta hapa Tabata, yaani ninayeweka sawa sauti ya wimbo kabla haujatoka, kwa hiyo kazi zao hunifikia zikiwa hatua ya mwisho.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea nyimbo nane za kwaya kwenye flashi. Nilipofungua wa kwanza, mawimbi yalikuwa yamejaa skrini juu hadi chini, bapa kama ukuta uliopigwa lipu. Kila soprano walipopanda, sauti ilipasuka. Dramu hazikugonga, zilivuma tu. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema mwalimu wa kwaya husikilizia kwenye spika ndogo ya bluetooth, na wimbo usipopiga kwa nguvu huambiwa haujaiva. Basi akaweka limita, yaani kizuizi cha sauti zinazopanda sana, kwenye masta, njia ya mwisho wanakopita traki zote, akasukuma sauti mpaka sifuri.

Namwelewa, maana mwenye kazi ndiye anayelipa. Lakini desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) sifuri kwenye kompyuta ndiyo dari, na faili likishatolewa, kilichozidi hapo kimekatwa. Akaniuliza, "Fundi, si nishushe tu desibeli sita?" Haisaidii. Picha ikishakatwa kichwa, hata ukiichapa ndogo, kichwa hakirudi.

Ninachoomba ni hiki. Toeni limita kwenye masta, kisha shusheni traki zote kwa pamoja mpaka pale wimbo unapopanda kuliko pote pafike kama desibeli hasi 6, yaani 6 chini ya ile dari. Mara nyingi ni kiitikio cha mwisho, dramu ya mguu inapoangukia juu ya besi. Hiyo 6 si amri. Hata hasi 3 inanitosha, mradi hakuna kilichopasuka. Nileteeni faili la WAV la biti 24, lisilobanwa, si MP3 iliyobanwa. Wapo wanaoogopa kwamba ukishusha unapoteza ubora. Kila biti, tarakimu ya kuhifadhi sauti kwenye faili, hubeba takriban desibeli 6, kwa hiyo aliyeshusha 6 ameacha biti moja tu kati ya 24. CD nzima ina 16.

Mwalimu wa kwaya akitaka wimbo wenye nguvu, mpeni nakala yake yenye limita, mimi nipeni isiyo nayo. Tena nguvu hiyo haifiki mbali: kiwango cha kawaida cha Spotify ni LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima) hasi 14, na wimbo uliosukumwa kupita hapo hushushwa, ila mpasuko wake unabaki nao.

Zile nyimbo nane nilitaka tuzichanganye upya, bila malipo ya ziada. Kijana alikuwa ameshafuta miradi yote, yaani faili zenye traki mojamoja, ili apate nafasi kwenye diski. Nimezifanyia masta hivyo hivyo, na soprano wanapasuka mpaka leo. Watu walioimba humo walifanya mazoezi jioni baada ya kazi, miezi mizima. Vijana wangu, msifute mradi kabla wimbo haujatoka.

Fundi wa masta,
Tabata, Dar es Salaam