Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Durham: turuhusu tusake hazina bila kugusa jiwe

Mheshimiwa Mkuu wa Kanisa,

Shikamoo. Barua hii kwa Kiingereza nimekwisha kuituma ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiweka wazi kwa ajili ya wenzangu, Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania tunaoishi Newcastle, Middlesbrough na vijiji vya Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, wajue nimeomba nini kwa niaba ya watoto wetu. Anayeona nimepotoka aseme mapema.

Ombi lenyewe ni kwamba uturuhusu kuandaa mchezo wa kusaka hazina ndani na nje ya kanisa, kwa mtindo wa jiokashingi, lakini pasifichwe kitu chochote ukutani, kaburini, dirishani wala kwenye ufa wa jiwe.

Kwa wasioujua mchezo huu: mtu huficha kisanduku chenye daftari ndani yake, akatangaza majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) ya hapo kwenye intaneti, na wengine wakakifuata kwa GPS, wakatia sahihi na kukirudisha palepale. Ulianza Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha mkononi kiliweza kukukosesha mahali kwa mita mia moja. Leo visanduku vimepita milioni 3 duniani, na Uingereza peke yake vipo maelfu karibu na makanisa, vingi vikiwa vikopo vidogo tu vilivyofichwa nje ya uzio.

Najua kwa nini mwenye jengo la kale husita. Mtu akishaambiwa kuna kitu kimefichwa, mikono yake haitulii. Atavuta jiwe lililolegea, atachokonoa chokaa, atakanyaga kaburi la watu. Ndiyo maana wakaguzi wa mchezo huu Uingereza hawapokei visanduku vilivyopachikwa kwenye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo. Tena kuna hofu nyingine. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Yorkshire, kisanduku cha plastiki cha mchezo kilichokuwa nje ya mkahawa kilitiliwa shaka, mtaa ukafungwa, na wataalamu wa mabomu wakaja wakakilipua. Nani angependa hayo yatokee kwenye mlango wa kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1093?

Na hata tungetaka kuficha, GPS haina kazi ndani ya jengo lako. Kuta zile zinaziba setilaiti, na chini kwenye kingo za Mto Wear miti inaichanganya simu, mara upo huku, mara upo ng'ambo. Kwa hiyo majiranukta yatamfikisha mtoto kwenye uwanja wa Palace Green tu. Hapo simu inaingia mfukoni, na kuanzia hapo ni macho.

Kituo cha kwanza tumekiwazia mlango wa kaskazini, penye kile kichwa cha mnyama mwenye manyoya ya kutisha, ameuma pete ya kubishia hodi. Mtoto ataulizwa: zamani, aliyemwaga damu akakimbilia pete hii alipewa siku ngapi za kukaa salama, achague kupatana na wanaomdai au kuihama nchi? Jibu ni 37, na hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kufungulia kufuli la sanduku la hazina mwishoni. Ataulizwa pia kama pete anayoiona ndiyo yenyewe. Siyo, hiyo ni nakala, ile ya asili imehifadhiwa ndani. Wazazi wa baadhi ya watoto hawa wamesubiri majibu ya maombi yao ya hifadhi kwa muda unaozidi siku 37 mara nyingi sana. Hilo hatutaliandika kwenye karatasi ya maswali, ila wahudumu wako wasishangae mzazi akikawia mlangoni kuliko mwanawe.

Ndani, sakafuni upande wa magharibi, kuna ule mstari wa jiwe jeusi ambao zamani mwanamke hakuruhusiwa kuuvuka. Swali lake ni jepesi, na wasichana wetu watauvuka kwa madaha, nakuonya mapema. Kisha nguzo kubwa, moja ina mistari ya kupinda-pinda, nyingine almasi, nyingine mifereji, na kila moja ina mwenzake upande wa pili wa ukumbi. Mtoto ataoanisha. Asilazimishwe kujua kwamba dari la mawe juu yake lilikamilika 1133, lakini akiinua kichwa peke yake, mwenye ujuzi na amwambie.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote kipo mwisho wa mashariki, kwenye Kikanisa cha Madhabahu Tisa. Zile nguzo nyembamba nyeusi ni jiwe la Frosterley, kijiji kilichopo juu kwenye bonde hilihili la Wear. Huitwa marumaru kwa kuwa hung'aa likisuguliwa, lakini ni jiwe la chokaa, na maumbo meupe yaliyojaa ndani yake ni matumbawe. Yalikufa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati nchi hii ilipokuwa karibu na ikweta, chini ya bahari ya joto yenye kina kifupi. Mtoto wa Kilwa au wa Lamu hapo hahitaji kuelekezwa sana. Babu zake walijengea matumbawe: waliyachonga, wakayachoma kupata chokaa, wakainua nyumba na misikiti. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa matumbawe, na ulikuwa ukijengwa na kupanuliwa katika karne zilezile ambazo watu wa Durham walikuwa wakishughulika na kanisa hili. Hawakujuana, na bahari iliyowapa mawe haikuwa moja. Lakini nikimsimamisha mtoto wa pwani mbele ya nguzo ile, nina la kumwambia ambalo silipati kwenye kitabu chochote cha shule yake.

Jambo hilo pia halihitaji kisanduku. Tangu 2004 mchezo huu una tawi liitwalo EarthCache: mtu anafika, anatazama mwamba au jiwe, anajibu maswali ya jiolojia na kuyatuma kwa aliyeandaa. Hakuna kinachofichwa, hakuna kinachoguswa. Tunachoomba ni kuueneza mtindo huo kwa kanisa zima.

Utaniambia kwamba nyumba ya sala si uwanja wa michezo. Nakubali, ndiyo maana kaburi la Mtakatifu Cuthbert, mtawa na askofu wa kale aliyezikwa humo, halimo kwenye orodha yetu. Hapo watu hupiga magoti, na mtoto mwenye penseli na haraka zake hapafai. (Zaidi ya hayo, kwa kuwa wapo wanaosimulia kwamba mwili halisi ulihamishwa kwa siri na mahali ulipo panajulikana na watawa wachache tu, sitaki kuwapa vijana wetu wazo la kuutafuta.) Kaburi la Bede, mtawa wa kale aliyeandika historia, limo, kwa swali moja tu: mifupa yake ilifikaje hapa kutoka Jarrow? Jibu, ambalo naona linawafurahisha waelekezaji wenu, ni kwamba iliibwa na mtawa.

Lakini kuhusu michezo na utakatifu, nakuomba utoke nje kidogo utazame ukuta wa kaskazini, palipochongwa ng'ombe na wasichana. Mapokeo yenu wenyewe yanasema kwamba mwaka 995 watawa waliobeba jeneza la Cuthbert walikwama, jeneza likagoma kusogea, wakapewa jina tu la mahali pa kwenda: Dunholm, ndiyo Durham ya leo. Hakuna aliyepajua. Ndipo wakamsikia msichana akiulizia ng'ombe wake aliyepotea, mwenzake akamjibu kwamba amemwona huko Dunholm, nao wakamfuata. Jina, njia isiyojulikana, dokezo kutoka kwa mpita njia, kisha kupata mahali penyewe: sisi tunaocheza jiokashingi tunaijua safari ya namna hiyo. Ng'ombe huyo ndiye kituo chetu cha mwisho.

Hazina yenyewe nashauri ikae kwenye meza ya mapokezi, ndani ya sanduku la plastiki angavu lenye maandishi makubwa, ili asiwepo wa kulitilia shaka. Ndani yake pawe na daftari na penseli, na vitu vidogo vya kubadilishana. Kufuli la namba litafunguliwa na majibu ya vituo. Vyakula visiwekwe, panya wa kanisa wanatosha na riziki zao.

Tutacheza Jumamosi asubuhi, kamwe si wakati wa ibada, na si Jumamosi ya gwaride la wachimba migodi mwezi Julai, mji unapofurika. Watoto wasizidi 10 kwa zamu, kila watatu na mtu mzima mmoja. Mnarani hatupandi, ngazi 325 ni ugomvi mtupu na watoto wadogo. Karatasi za maswali zitakuwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kifaransa, na kabla ya kuchapishwa naomba mmoja wa waelekezaji wenu azipitie mstari kwa mstari, maana nimeyasoma mengi kuhusu kanisa hili lakini wao ndio wanaolikalia kila siku.

Ukikataa, nitaomba sababu kwa maandishi, niwasomee watoto. Ukikubali, nahitaji mambo mawili tu kutoka kwako: jina la mhudumu wa kuongea naye, na kipimo cha nafasi iliyopo juu ya ile meza.

Wako kwa heshima,
Mama mmoja kutoka Kilwa, mkazi wa kaunti ya Durham