Barua kwa Baba Mapasa (baba wa mapacha), Kolwezi

Katuba, Lubumbashi

Ndugu yangu Baba Mapasa,

Pokea salamu za nyumbani kwangu. Mama wa hapa, mke wangu, naye anakusalimia, ila kavukavu, na sababu unaijua.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mpaka mwisho. Unasema mkeo, Mama Mapasa, alitoka mwenyewe, hukumfukuza, kwa hiyo akitaka pesa awalete watoto Kolwezi. Nimeamua kukuandikia ili usome ukiwa peke yako, bila kaka yako mkubwa kukaa pembeni akikupigia makofi.

Nani alimkosea nani, huko siingii. Nilikuwepo tulipopeleka mahari kwa wakwe. Pesa nilihesabu mimi, na yule mbuzi nilimbeba mimi mpaka akanikojolea suruali ya sikukuu. Ndiyo maana naona naweza kukuambia neno ambalo wengine wanakuficha: chakula cha watoto si mshahara wa mama yao kwa kukaa kwako. Ameondoka, sawa. Watoto wanaendelea kula.

Wajomba na baba zako wanarudia kwamba mtoto ni wa baba. Kwenu Baluba ndivyo. Kwao Babemba, mtoto anahesabiwa upande wa mama. Lakini nimeona kitu cha kuchekesha katika vikao hivi: wakati wa kuwachukua watoto, ni wa kwenu, ikifika siku ya kulipa minerval, karo ya shule, ghafla wamekuwa wa wajomba zao! Sheria ya familia ya 1987, ile iliyorekebishwa mwaka 2016, haiulizi mambo ya ukoo. Inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna mwenye ruhusa ya kujifanya hamjui mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Kuwalisha na kuwasomesha ni kazi ya baba na mama wote wawili, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake.

Tena wewe hata talaka huna. Mlioana komini, ofisi ya serikali ya mtaa, majina yenu yamo katika kitabu cha etasivili, wanamoandika ndoa. Hayo ya kurudishiwa mahari ili mambo yaishe ni maneno ya kikao tu. Ndoa ile inavunjwa na juji, yaani hakimu.

Na kwa juji ndiko anakokwenda Mama Mapasa. Nakwambia mapema ili usishtuke ukipokea karatasi ya tribunali ya amani, yaani mahakama. Usidhani ni polisi wanakutafuta. Kwanza mtaitwa wote wawili, juji awasikilize na ajaribu kuwapatanisha. Msipopatana, kesi ya talaka inaendelea, na hata kabla haijaisha anaweza kuamua watoto wakae kwa nani na nani atoe nini. Kiasi hakikuandikwa popote kwamba ni dola fulani kwa kila mtoto. Anapima wanachohitaji watoto na unachopata wewe. Kazi ikisimama unarudi kwake kuomba kipunguzwe. Maisha yakipanda, mama naye anaweza kuomba kiongezwe. Lakini usipotokea, atasikia upande mmoja. Ukihukumiwa ukakaa kimya, mshahara unaweza kukatwa kule kule kazini, na wewe unajua habari za namna hiyo zinavyotembea kwenye basi la kampuni.

Kuna pesa nyingine, ya Mama Mapasa mwenyewe. Juji anaweza kumpatia baada ya talaka akiona kuachana kumemtia katika shida. Hiyo mkabishane, utafute avoka, wakili wako, ujitetee, sitakulaumu. Ila usiifunge pamoja na ya watoto.

Najua unaogopa nini: kwamba ukituma, pesa italiwa na ndugu zake. Basi lipa shuleni moja kwa moja, ubaki na risiti. Ya chakula na nyumba itume kwa M-Pesa au Airtel Money mara tu mshahara unapoingia, kila mwezi, na usifute ujumbe. Yale magunia mawili ya unga uliyompa dereva alete, juji atayaonaje? Mama anasema alipokea moja. Dereva hakumbuki.

Nilipita kwao Jumapili. Mama Mapasa anauza makayabu, samaki wa chumvi, katika soko la komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, na amepanga vyumba viwili. Pesa ya garanti, ile ya kumwekea mwenye nyumba, alikopeshwa na dada yake. Mapasa wako shule ya msingi ya serikali, ambako tangu 2019 masomo ni bure, na wewe unaishika sana hiyo «bure» katika ujumbe wako. Madaftari je? Sare je? Makala, yaani mkaa wa kupikia, dawa ya malaria? Halafu mapasa, ndugu yangu, hawarithishani viatu. Vinapoisha, vinaisha jozi mbili siku moja.

Binti mkubwa ndiye aliyenisumbua moyo. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anajiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na pesa ya kushiriki bado. Hakukusema vibaya. Aliniuliza tu kama ninajua unafika kazini saa ngapi, ili akupigie kabla hujaingia shimoni mgodini, mahali ambapo simu haishiki. Mpigie wewe.

Sikatai kwamba una mzigo: nyumba mpya, mwanamke mwingine, deni la pikipiki. Mwambie juji hayo yote, anapaswa kuyapima. Njoo na karatasi za mshahara zilizo za kweli. Ukija utalala kwangu, chumba cha mbele kiko wazi, na asubuhi tutakwenda pamoja. Mimi nitabaki nje.

Pesa ya mtihani usingoje juji. Shule inaitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

Ni mimi, mwenzako wa Katuba.

Nilisahau: mapasa sasa wamepitana. Wa kiume anavaa viatu namba 34, dada yake 33. Usinunue namba moja kwa wote kama mwaka jana.