Zuhura, niulizie kwa bi mkubwa habari ya pweza

Shosti Zuhura,

Mambo? Za masiku, Ilham hajambo, kashaanza chekechea au bado analia mlangoni? Najua nimekaa kimya, usininunie, tangu shughuli ya kina Kidawa iishe sijatulia na simu yangu si unaijua. Dar joto na foleni, hamna jipya. Nakuandikia kwa sababu nina shida, nakwambia mapema.

Nimetoka Kilwa bwana. Shemeji yako alikuwa na kazi Masoko, nikasema hapa siachwi. Tukapanda gari Rangi Tatu alfajiri, kufika Somanga vijana wakatujazia samaki wa kukaanga dirishani, nikachukua changu wawili na muhogo, shemeji yako ananiambia usishibe njiani, mi simsikii, nikala nikalala mpaka Nangurukuru.

Sasa usiku ule tukala sehemu moja, jina nakuwekea. Pweza unamvuta kwa meno kama kandambili, halafu bei yake sasa! Nikamwambia shemeji yako si bora tungebaki na supu yetu ya kwenye kona. Kesho yake mwenyeji wetu akaona haya, akatupeleka kwa bibi mmoja anapikia nyumbani kwake, kwa oda tu. Zuhura, yule pweza wa nazi mpaka leo namuwaza.

Bibi mwenyewe anaendaga mwambani, maji ya bamvua yakitoka anaenda na wenzie na vyuma vyao wanachokoa kwenye mashimo. Akampindua kichwa nje ndani, akatoa matumbo na wino taratibu usimwagike, halafu akambamiza kwenye jiwe, akambamiza, akambamiza, mpaka povu linatoka mi mkono unaniuma kwa kuangalia tu. Sufuriani hakutia maji hata tone! Pweza akatoa maji yake mwenyewe, rangi ikageuka ya zambarau, yakakauka ndo likaingia tui jepesi na kitunguu, thomu, tangawizi na bizari. Tui zito mwisho kabisa, hapo hakuondoka jikoni anakoroga tu lisikatike. Ndimu juu, wali pembeni. Shemeji yako kaongeza mara mbili halafu ananiangalia anacheka-cheka, si unajua wanaume na pweza, wamejazwa ujinga na wale wauza supu wa jioni.

Ila bibi analalamika, anasema wakubwa wameadimika, wanunuzi wanangoja ufukweni na mizani, wengi wanaenda kiwandani halafu ng'ambo, na sheria inakataa chini ya nusu kilo lakini mtu ana njaa atamrudisha? Songosongo anasema wanafungaga mwamba miezi, hakuna kugusa, wakifungua wanakuta majitu. Nimemuelewa maana pweza anakua haraka mno, hata miaka miwili hafikishi, na jike likishataga linalinda mayai halili mpaka yaanguliwe, likimaliza linakufa. Mi hiyo iliniuma kidogo, ila sahani nilimaliza.

Haya, shida yenyewe. Wifi zangu wanakuja Jumamosi, na shemeji yako keshawatangazia nitapika pweza wa Kilwa. Wa Kilwa, hapa Mbagala! Ntaenda Feri asubuhi na mapema lakini wa pale sijui kalala kwenye barafu toka lini, na bibi nilimuuliza anakaa motoni muda gani akanijibu "mpaka aive". Sasa nakumbuka mama yako wa Kivinje alikuwa anatia papai bichi, au lilikuwa la nyama? Na chumvi, bibi alitia mwisho akasema ukitia mapema anakakamaa, ila mama Nasra anatia mwanzo na wake laini tu, sa nimwamini nani. We unajua yule wifi mkubwa mdomo wake.

Niulizie bi mkubwa basi, leo leo. Papai ndiyo au hapana? Likitiwa, linakaa muda gani kabla ya jikoni? Wa kwenye barafu naye anapigwa au keshalainika? Nikimchemsha Ijumaa usiku nikaja kumtia tui Jumamosi ataharibika? Na we unakuja lini, kile kitambaa fundi wa Temeke kakurudishia au bado anakupa kesho? Usinitumie tu emoji, piga, nikikosa hewani piga ya shemeji yako.

Wako,
Mwana